Usingoje Nyonga Bandia Iume

Kama wewe au mzazi wako aliwekewa nyonga bandia au goti bandia, na tangu siku ile imepita miaka saba, kumi au kumi na mitano, nendeni mkapige picha ya eksirei mwaka huu. Nendeni hata kama mguu hauna shida yoyote. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote yatakayofuata, na msomaji akiishia hapa atakuwa amekwisha pata kilicho muhimu zaidi.

Nawaandikia hasa watu wa bonde la Mbwemkuru, wa upande wa Nachingwea na wa upande wa Ruangwa. Huku upasuaji wa kubadilisha kiungo ni jambo la safari ndefu. Mgonjwa huenda Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo wengi wetu tunaiita MOI, au hupelekwa hospitali nyingine kubwa, au mwenye ndugu wa kumgharamia huenda India. Akirudi na kutembea mwenyewe hadi kwenye mikorosho yake, nyumba nzima hupumua. Fimbo inawekwa pembeni, makaratasi yanaingia sandukuni, na habari ya kliniki inaisha. Furaha hiyo ni ya haki kabisa. Lakini kiungo bandia kina maisha yake, na kinaweza kuanza kumpotezea mtu mfupa bila yeye kuhisi chochote.

Tuangalie kinachotokea ndani. Nyonga bandia ya kawaida ina shina la chuma linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja. Juu ya shina kuna kichwa cha duara cha chuma au cha kauri, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu kilichofungwa kwenye mfupa wa kiuno. Kila hatua, kichwa husugua kikombe. Watafiti waliowafungia wagonjwa vifaa vya kuhesabu hatua walikuta kwamba kiungo cha mtu wa kawaida hufanya karibu mizunguko milioni moja kwa mwaka, na cha mtu mwenye shughuli nyingi hufanya zaidi sana. Mkulima anayekwenda shamba la mbali alfajiri na kurudi jioni yumo katika kundi hilo la pili. Kikombe huchimbika polepole kama kinu kinavyochimbika ndani kwa mchi, sehemu ya milimita kwa mwaka.

Kuchimbika kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni vumbi. Plastiki iliyosagika hugeuka chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwili una seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na uchafu na kuvisaga. Seli hizo huzimeza chembe za plastiki zikidhani ni adui, lakini plastiki haisagiki. Seli inabaki na mzigo tumboni, inakasirika, inatoa kemikali za kuita wenzake. Wenzake wanakuja, nao wanameza, nao wanashindwa. Eneo lile linavimba na kuwaka ndani kwa ndani, pasipo kijidudu hata kimoja. Na baadhi ya kemikali hizo ni zilezile ambazo mwili hutumia kuziamsha seli zinazobomoa mfupa.

Ieleweke kwamba mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa uliochoka na nyingine zinazojenga mpya. Kwa mtu mzima mwenye afya, hizi mbili huenda sambamba. Penye vumbi la plastiki, wabomoaji huitwa kwa wingi na wajenzi hudhoofishwa. Majimaji ya kiungo, yakisukumwa kila unapokanyaga, huzipeleka chembe hadi kwenye mianya iliyo kati ya shina na mfupa, na kokote zinakofika huacha mashimo. Siku moja kikombe au shina hukosa pa kushika na kulegea, au paja huvunjika kwa kuanguka kudogo ambako zamani kusingeacha hata alama.

Watu wa fani hii waliujua ukweli huu kwa gharama kubwa. Daktari Mwingereza John Charnley, ambaye nyonga bandia za leo bado zinafuata njia yake, mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza vikombe vyake kwa Teflon, ile plastiki inayoteleza ya kwenye vikaango. Aliwawekea wagonjwa wapatao 300. Mwanzoni walitembea vizuri ajabu. Ndani ya miaka michache vikombe viliisha, na kuzunguka nyonga zao kukajaa uvimbe mzito uliokuwa ukila mfupa. Charnley aliwapasua tena. Mwaka 1962 akapata plastiki nyingine, polithini ngumu, na kabla ya kuiamini alijipandikiza vipande vyake kwenye paja lake mwenyewe, pamoja na vya Teflon, angoje aone mwili utasemaje. Vya Teflon vilivimba. Vya polithini vilitulia. Ndiyo plastiki ambayo, baada ya kuboreshwa sana, inatumika mpaka sasa. Mimi humheshimu daktari huyo kwa jambo moja zaidi ya ujasiri wake: aliendelea kuwafuatilia wagonjwa wake miaka mingi baada ya kuwaruhusu.

Hata polithini ilikuja kuonyesha udhaifu wake. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliona mashimo kwenye mifupa ya watu wenye nyonga bandia, na wengi wakailaumu saruji inayotumika kugandisha shina. Walifika mpaka kuuita ugonjwa wa saruji. Wakatengeneza viungo visivyotumia saruji. Mashimo yakaendelea kutokea. Ndipo ikathibitika kwamba mkosaji mkubwa ni vumbi la plastiki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika polithini iliyopigwa mionzi ili nyuzi zake zishikane zaidi, na hiyo huchakaa kidogo sana ikilinganishwa na ile ya zamani. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo daktari atataka jibu lake ni hili: ulipasuliwa mwaka gani, na uliwekewa nini?

Hapo ndipo yale makaratasi ya sandukuni yanapohitajika. Chumba cha upasuaji hutumia vipandikizi vinavyokuja na vibandiko vidogo vyenye jina la kiwanda, aina, saizi na namba ya toleo. Vibandiko hivyo huwekwa kwenye faili lako, na mara nyingine unapewa nakala au kadi. Kama unayo, ipige picha kwa simu leo, uitume kwa watoto wako wawili au kwa ndugu unayemwamini, maana mchwa na mvua havichagui karatasi. Kama huna, andika barua au mtume mtu hospitali uliyopasuliwa aombe muhtasari wa upasuaji kwa jina lako, namba ya faili na mwaka. Malawi walianzisha mwaka 2005 rejesta ya kitaifa ya watu waliobadilishiwa viungo, na hilo ni jambo la kuigwa. Lakini popote ulipopasuliwa, iwe Dar, Moshi au Chennai, usitegemee kwamba kuna mtu anakuwekea kumbukumbu. Jiwekee mwenyewe.

Sasa turudi kwenye picha, kwa sababu kuna kupiga picha na kupiga picha yenye manufaa. Picha ya kawaida ya eksirei hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Si lazima uanzie Dar. Mwombe mganga aandike kwamba una nyonga bandia na kwamba anataka picha ya kiuno kizima, nyonga zote mbili zionekane, pamoja na picha ya pembeni ya upande uliopasuliwa. Shina lote lionekane mpaka ncha yake na sehemu ya mfupa iliyo chini ya ncha. Picha iliyokatwa katikati ya shina huficha palepale ambapo mashimo hupenda kuanzia. Kwa goti, picha ipigwe umesimama. Mtu wa eksirei akikwambia ulale, mweleze kwa upole kwamba daktari anataka uzito uwe juu ya mguu.

Picha moja pekee haisemi mengi. Thamani yake ni pale inapowekwa kando ya picha ya zamani: kichwa cha chuma kilikuwa katikati ya kikombe, sasa kimepanda juu kidogo; mstari mwembamba mweusi uliokuwa sehemu moja tu kati ya saruji na mfupa sasa umezunguka kote; kulikuwa na kivuli kidogo, sasa kina ukubwa wa sarafu. Kwa hiyo usitupe picha za zamani wala usizihifadhi chini ya bati la moto au zikishikana zenyewe kwa zenyewe. Ziweke kwenye bahasha kavu, andika tarehe. Ukipigwa kwa mashine ya kisasa isiyotoa filamu, omba nakala kwenye simu au CD. Waingereza katika miongozo yao waliwahi kutaja picha ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa saba, kisha kila baada ya miaka mitatu, kwa nyonga za aina zilizokwisha thibitika. Kwa kipandikizi cha zamani, au mgonjwa kijana, daktari anaweza kutaka mara nyingi zaidi. Na ujue kwamba eksirei huonyesha mashimo madogo kuliko yalivyo; daktari akiona dalili anaweza kuomba CT scan, na safari hiyo ina maana.

Kwa nini nasisitiza hivi kuhusu mtu asiyeumwa? Kwa sababu ya namna tunavyoulizana hali. Mjukuu anapita, “Shikamoo babu, mguu vipi?” Babu anajibu, “Marahaba, haujambo,” na anasema kweli. Shimo ndani ya mfupa haliumi mradi kipandikizi bado kimeshika. Maumivu huja kikishalegea au mfupa ukishakuwa mwembamba kama ganda, na wakati huo kazi ya daktari imekwisha kuwa ngumu. Shimo likigunduliwa mapema na kikombe bado kimeshika, kwa baadhi ya vipandikizi inawezekana kubadilisha plastiki ya ndani peke yake na kujaza shimo kwa vipande vya mfupa. Ukichelewa, kila kitu kinang'olewa, na panahitajika shina refu zaidi, mfupa wa kupandikiza, damu nyingi na bei iliyopanda mara kadhaa.

Walio vijana walisikie hili kuliko wote. Nchi za wenzetu nyonga hubadilishwa zaidi kwa wazee ambao viungo vyao vimesagika. Kwetu wamo wengi wa miaka 25, 30 au 40: wenye selimundu ambao kichwa cha paja kilikufa kwa kukosa damu, walioumia kwa bodaboda, waliotumia dawa kali za steroidi kwa muda mrefu. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2017 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba mtu anayebadilishiwa nyonga au goti akiwa amepita miaka 70 ana uwezekano wa karibu 5 katika 100 wa kupasuliwa tena maishani mwake, wakati mwanamume aliyebadilishiwa mwanzoni mwa miaka yake ya hamsini uwezekano huo unafika hadi 35 katika 100. Je, wa miaka 28? Huyo apange maisha yake akijua kwamba upasuaji wa pili karibu hakika utakuja, na kazi yake ni kuusogeza mbele na kuukuta mfupa ukiwa bado imara. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulikuta nyonga 58 na magoti 82 katika kila 100 bado yakifanya kazi baada ya miaka 25. Si habari mbaya hata kidogo. Ila waliofika huko ni watu ambao nchi zao zina utaratibu wa kuwafuatilia.

Dalili zikija, zisomeni vizuri. Maumivu ya kinena au ya paja unapoinuka kutoka kwenye kigoda, yanayopungua ukishatembea hatua kadhaa, ni dalili ya kulegea. Mguu unaoanza kuwa mfupi, kuchechemea kupya, hisia kwamba kitu kinacheza ndani, goti linalojaa maji au linalokusaliti ukishuka mteremko: hayo yote ni ya kwenda hospitali ndani ya wiki chache. Homa, joto na wekundu juu ya kovu, kidonda kinachotoa maji au usaha, maumivu yasiyokoma hata usiku umelala, hayo ni ya kwenda leo, kwani huenda ni maambukizi, nayo yanaweza kuingia hata miaka mingi baada ya upasuaji. Usinunue antibayotiki duka la dawa kabla ya kumwona daktari. Atataka kuvuta maji ya kiungo yakapimwe, na dawa ulizokwisha meza zitamficha kijidudu. Na ukianguka ukashindwa kusimama, usikubali mtu auvute mguu wala kuuchua. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, wana ujuzi wao, lakini mfupa wenye chuma ndani na matundu pembeni haumo katika ujuzi huo. Mguu ufungwe na ubao usitikisike, gari litafutwe.

Kuna biashara moja ambayo imewamalizia watu fedha za korosho. Mtu akilalamika goti, ataambiwa ute umeisha, anywe maji ya bamia au anunue kopo la virutubisho la laki na zaidi. Kiungo bandia hakina ute wa kuongeza. Kimetengenezwa kwa chuma na plastiki, na hakuna kinywaji kinachoweza kuitengeneza plastiki iliyochimbika. Mpaka sasa hakuna dawa iliyokubalika rasmi ya kuzuia vumbi lisile mfupa. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walijaribu dawa ya sindano inayotumika kwa mifupa iliyodhoofika, wakaona kwamba iliwapunguza wabomoaji wa mfupa kuzunguka nyonga bandia zenye mashimo. Hiyo ni dalili njema, na kazi inaendelea, ila bado si tiba ya kuandikiwa wilayani. Diklofenaki na brufeni hupunguza maumivu kwa siku chache, lakini kuzimeza miezi na miezi huumiza tumbo na figo, tena hukuzibia masikio usisikie mguu unachosema. Bamia kuleni, ni mboga nzuri.

Kuhusu kazi, sitamwambia mkulima asilime. Kutembea ni kwema, mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika. Yapo ya kupunguza: gunia la korosho begani au ndoo ya maji kichwani, kuruka kutoka kwenye bodaboda au lori, kuchuchumaa chini kabisa kwa muda mrefu. Chooni wekeni kiti. Fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mbao kwa bei ndogo. Jembe la mpini mrefu lina afadhali kuliko la kuinama. Mwenye kilo nyingi akizipunguza anapunguza mzigo wa kila hatua, na mwenye kisukari akikidhibiti anajikinga na maambukizi.

Neno fupi kwa waliofanyiwa upasuaji nje ya nchi kati ya mwaka 2003 na 2010, na kwa ndugu zetu waliostaafu na kurudi kutoka Ulaya au Uarabuni. Wakati ule zilivuma nyonga za chuma juu ya chuma, zisizo na plastiki. Moja kati yake, ASR ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni mwezi Agosti 2010, ikiwa imekwisha wekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani, kwa sababu vumbi lake la chuma lilikuwa likiharibu nyama na mfupa kuzunguka nyonga. Kama karatasi yako inaonyesha kichwa kikubwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, mwambie daktari waziwazi; huenda ukahitaji kupimwa kobalti na kromiamu kwenye damu.

Kupanga safari nako kuna akili yake. Malipo ya korosho yakiingia kupitia chama chenu cha msingi, au ya ufuta katikati ya mwaka, tengeni fedha ya picha na nauli kabla ya bati na sherehe. Epukeni kilele cha mvua. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, na mgonjwa aliyelegea nyonga hafai kulala barabarani. Anzieni hospitali ya wilaya, mchukue barua ya rufaa, maana bila barua na hatua zake mwenye bima anaweza kujikuta analipa mfukoni. Sokoine pale Lindi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara ni ngazi za kabla ya Muhimbili. Ulizeni kwa simu siku ambazo bingwa wa mifupa yupo. Kambi za madaktari bingwa zikitangazwa wilayani, nendeni na bahasha ya picha zote, sio mguu peke yake.

Daktari akisema lazima upasuliwe tena, mketi naye mzee na angalau mtoto mmoja, na muulize: mfupa umepotea kiasi gani, na wapi? Je, kilicholegea ni kikombe, shina au vyote? Mmehakikisha si maambukizi? Vipandikizi vya aina yangu vinapatikana, au vinaagizwa, na vitachukua muda gani? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na mazoezi ya viungo baada ya hapo? Ombeni kiungo kitakachotolewa kikaguliwe na maelezo yake yaandikwe kwenye faili, kwani elimu yote hii ya vumbi la plastiki imetokana na madaktari waliovichunguza viungo walivyovitoa. Ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia damu, na mmoja wao, kabla hajapanda basi la kurudi Nachingwea, awe amekwisha vipiga picha vibandiko vya vipandikizi vipya na kuandika tarehe ya eksirei inayofuata.